Mishono Kumi na Minne ya Bi Kondoo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kisu.

Kikawa kikali!

Pakawa uzi.

Ukawa mrefu!

Pakawa mgonjwa.

Akawa mzima!

Alikuwa mzima kabla hajaletwa, na hilo ndilo balaa lenyewe. Haya, kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikianza sitaki kukatizwa.

"Kumi na minne!"

"Punguza sauti, wewe."

"Sipunguzi! Tulipatana mshono mmoja. Mmoja! Nimehesabu kwa kidole changu mwenyewe, kuanzia begani mpaka pajani, nimepata kumi na minne. Toa ule mmoja wa mapatano, inabaki kumi na mitatu. Nirudishie!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Kalunguyeye, mnyama mdogo kama kifuu cha nazi kilichoota miiba. Hasira zake zilikuwa kubwa kuliko mwili, na kila zilipompanda miiba ilisimama: shwaa! Aliyekuwa akipigiwa kelele ni Chui, mwenye madoa, mwenye makucha, mwenye tumbo. Katikati yao, amefungwa kamba kwenye kisiki, alisimama Bi Kondoo, ubavu umenyolewa, nyuzi zimechomoza huku na huku kama godoro lililoshonwa na mlevi.

Chui alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Nikurudishie mishono? Mshono si sufuria, kidude, useme umeiazimisha irudi. Mshono ukishashonwa umeshonwa."

"Basi nirudishie Kondoo. Ulisema Ijumaa. Leo ni Ijumaa."

"Kondoo ana mtihani kesho."

"Kondoo hasomi!"

"Wanafunzi wanasoma," akasema Chui. "Kondoo ndiye daftari."

Sasa nyinyi mtataka kujua mambo yalifikaje hapo. Zamani hizo wanyama waliumia ovyo ovyo: huyu kameza mfupa, huyu kakatwa na mtego, huyu mimba imekaa mshazari. Na hakuna aliyejua kupasua na kuponya. Chui akasema, mimi najua. Ni kweli alijua kupasua, ndiyo kazi yake tangu kuzaliwa. Kushona ndiko alikojifunza ukubwani. Akafungua chuo kwenye uwanda wa mawe, na jiwe bapa likawa meza. Akapokea wanafunzi watatu wenye vidole: Nyani, Ngedere na Komba. Kisu alikipata kwa mhunzi. Na mhunzi alipata wapi chuma? Wewe unayeuliza, utasimulia wewe?

Basi siku moja Kalunguyeye akaota jipu kwapani. Jipu kubwa, jekundu, likampiga usiku na mchana: dundu, dundu, dundu. Akaenda kwa Chui. Komba, mwanafunzi mdogo mwenye macho makubwa na mkono mwepesi, akalitumbua: pwa! Kalunguyeye akapata usingizi siku hiyo hiyo.

"Malipo," akasema Chui.

"Sema."

"Niletee mwili mmoja mzima wa kujifunzia. Mshono mmoja tu, na Ijumaa anarudi kwao."

Kalunguyeye alikuwa mtu wa maneno manyoofu na alijisifu kwa hilo kila alikopita. Akiambiwa mmoja husikia mmoja. Akaenda kwa jirani yake Bi Kondoo, ambaye kila kipupwe humlaza chini ya tumbo lake lenye sufu, akamwambia, "Dada, kule kwa Mwalimu Chui kuna jiwe la chumvi, tamu hilo!"

"Chumvi?" akauliza Kondoo.

"Chumvi."

Kondoo hakuuliza la pili, akaondoka mbio mbio. La mshono Kalunguyeye hakulitaja. Ulikuwa mmoja tu, ya nini kumtia mtu wasiwasi?

Sasa ndio hapo tulipo. Mmoja umezaa kumi na mitatu, miiba imesimama, na Chui anajilamba kidole.

"Nikuulize, bwana mdogo," akasema Chui kwa sauti ya upole, ile ya walimu wanapotaka kukuchapa. "Jipu lako lilitumbuliwa na nani?"

"Na Komba."

"Ulilia?"

"Kidogo."

"Komba alijifunzia kwa nani, hata mkono wake ukawa mwepesi hivyo?"

Kalunguyeye akaanza kuhesabu mawe.

"Alijifunzia kwa Kanga. Uliuliza habari za Kanga wewe? Hukuuliza. Ulisema ahsante, ukaenda kulala. Unataka ugali, lakini hutaki kusikia mchi ukitwanga."

Maneno hayo yalimwingia Kalunguyeye mpaka kwenye kovu la kwapani, maana yalikuwa na ukweli, na ukweli ukitoka kinywani mwa mlafi hukera mara mbili.

"Basi jifunzieni gamba la mgomba!" akafoka. "Linakatika, linashoneka. Jifunzieni papai! Papai lina ngozi, lina nyama, lina mbegu tumboni za kutolewa bila kupasuka. Mkono ukishatulia, mngojeni mgonjwa aje kwa miguu yake na ugonjwa wake, mumpasue aliyetaka kupasuliwa, na mwalimu asimame pembeni!"

"Papai halipigi kelele," akasema Chui. "Mwanafunzi lazima azoee kelele. Halafu papai halina... halina..." Akameza mate. Gu!

"Halina nini?"

"Halina maarifa. Ondoka hapa! Kesho Kondoo atafunguliwa kutoka kifuani mpaka kitovuni, na wanafunzi wote watatu, kila mmoja kipande chake. Wakimaliza naye, atakwenda kupumzika."

"Kupumzika wapi?"

"Nyuma ya jiwe. Wagonjwa wangu wote hupumzika nyuma ya jiwe."

Akamsukuma kwa ukucha mmoja: bingiri, bingiri, bingiri, mpaka kwenye majani makavu. Bi Kondoo akamtazama alivyobingirika, akasema "mee," mara moja tu, kama mtu anayeweka neno akiba.

Kalunguyeye hakwenda kwake. Alijikunja mle majanini, pua nje, akanusa upande wa lile jiwe kubwa la mapumziko. Akanusa manyoya ya Kanga. Akanusa pembe ya Mbuzi. Mwenye kupumzika hakumnusa hata mmoja.

"Ahaa," akasema moyoni. "Kumbe daftari likijaa linaliwa."

Jioni haijafika, likaletwa somo la siku hiyo: Bata. Bata alikuja akilalamika njia nzima. "Kwa, kwa, kwa! Jamani, mimi siumwi!"

"Ndiyo maana tumekuchagua," akasema Chui. "Mgonjwa anaharibu somo. Wanafunzi! Hesabu ya kuingia!"

Sikilizeni vizuri hapa, maana chuo kile kilikuwa na sheria moja nzuri, na hata mbaya wako akiwa na jambo zuri mpe haki yake. Kabla ya kumfungua mgonjwa walihesabu vyombo. Kabla ya kumfunga wakahesabu tena. Akitoka mezani wakahesabu mara ya tatu, ili pasisahaulike kitu ndani ya mtu. Waliimba hivi, kwa kupiga makofi:

"Sindano?"

"Saba!"

"Vitambaa?"

"Kumi na viwili!"

"Kisu?"

"Kimoja!"

"Kikipungua?"

"Kimo tumboni!"

"Kikiwa tumboni?"

"Fungua!"

Sindano zenyewe zilikuwa miiba mirefu ya mgunga, imetobolewa tundu la uzi. Na sindano iliyosahaulika tumboni, alifundisha Chui, haikai mahali pamoja, hutembea. Siku ya kwanza tumboni, siku ya pili kwenye ini, siku ya tatu kwenye moyo. Ikifika moyoni, mwite shehe, usimwite daktari.

Basi wakampasua Bata, wakamshona Bata. Nyani alikata kombo. Ngedere alishona kombo zaidi. Komba alimpepea Bata na kumwambia pole, na machozi yakamtoka yeye kuliko Bata. Wakahesabu ya kufunga: saba, kumi na viwili, kimoja. Ikabaki hesabu ya kutoka. Lakini tumbo la Chui lilishaanza kunguruma, ngrrr, na tumbo la mlafi halijui kungoja hesabu.

"Nyinyi hesabuni," akasema, "mimi nampeleka mgonjwa akapumzike."

Akamkamata Bata, akaenda naye nyuma ya jiwe. Ikasikika: "Kwa! Kwa! Kw..." Kisha: nyam. Kisha: gu.

Hapo ndipo Kalunguyeye alipoliona kosa. Mwalimu kaondoka na mgonjwa kabla ya hesabu ya tatu! Akajikunja mpira, akajitupa kutoka majanini, bingiri, bingiri, akapita juu ya kitambaa cha vyombo wanafunzi wakiwa wanakodolea lile jiwe, bingiri, akarudi majanini. Na sindano moja ilikuwa mgongoni mwake, imesimama katikati ya miiba yake kama mtu aliyerudi kwa ndugu zake.

"Sindano?" akaanza Nyani.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita..." Ngedere akainua kitambaa, akakikung'uta. "Sita."

"Hesabu tena."

"Sita."

"Labda tulianza na sita," akasema Nyani.

"Tulianza na saba, nilihesabu mimi!" akasema Komba. "Tumwambie mwalimu?"

"Umwambie wewe. Mimi mgongo wangu naupenda."

Hakuna aliyemwambia. Walikunja kitambaa kimya kimya, kila mmoja akaenda kwenye mti wake na siri yake.

Asubuhi, jua limetoka, Bi Kondoo akafungwa juu ya jiwe bapa, miguu minne, mafundo manne. Chui alikuja akipiga miayo, tumbo limemkaa vibaya, maana Bata mzima mzima na nyuzi zake si chakula cha kumeza kwa pupa. Akaketi juu ya tita lake la majani.

Na ndani ya tita la majani alikuwa nani? Semeni!

Kalunguyeye!

Haya, kumbe mnasikiliza.

"Upesi upesi," akasema Chui, "nina nja... nina haraka. Hesabu! Sindano?"

Nyani akamtazama Ngedere, Ngedere akamtazama Komba.

"Sindano?"

"S..." akasema Ngedere.

"S nini?"

"Sita, mwalimu."

Chui akasimama. "Kikipungua?"

"Kimo tumboni," wakajibu wote watatu, kwa sauti ya watu wanaozikwa.

"Mjinga nani kaipoteza? Kagueni!"

Wakakaguana. Makwapani mwa Nyani walikuta chawa. Mashavuni mwa Ngedere walikuta karanga kumi na moja. Masikioni mwa Komba walikuta masikio. Kalunguyeye naye akatoka polepole, akajinyoosha, akasema, "Nikagueni na mimi. Mimi mtu wa haki, sipendi kushukiwa."

Ngedere akampapasa mgongoni. "Aii! Huyu ana sindano elfu!"

"Hizo ni mali yangu. Hesabu kama una siku tatu."

Nani angehesabu? Wakamwacha, naye akarudi kwenye tita, na hakuna aliyejali amekaa wapi mtu mdogo kama yule.

"Basi," akasema Nyani, ambaye hakuwa na akili nyingi lakini alichofundishwa alikishika kama gundi, "haiko kwetu. Haiko kwa Kondoo, hajafunguliwa. Aliyefunguliwa mwisho ni Bata. Imo tumboni mwa Bata. Mwalimu, Bata aletwe."

"Bata anapumzika," akasema Chui, akaketi tena.

"Aamshwe, mwalimu. Ulisema haikai, inatembea."

"Amekwenda kwao."

"Tumfuate kwao, mwalimu. Ulisema siku ya tatu ni moyo."

"Amehama!" akanguruma Chui.

Chom!

"Aii!" Chui akaruka.

"Nini, mwalimu?"

"Hakuna kitu." Akaketi.

Chom!

"Mama yangu!"

"Unachomwa, mwalimu?" akauliza Komba, macho yakazidi kuwa makubwa. "Unachomwa wapi?"

"Huku... chini ya..." Chui akajishika ubavu. Tumbo nalo, kwa shibe ya pupa, likanguruma: ngrrr-chubwi. Akaketi taratibu, kama anayekalia mayai.

Chom!

Jasho likamtoka kwenye kila doa. Mtu akila kitu asichokihesabu, kikimchoma anajua mwenyewe kinatoka wapi. Akawatazama wanafunzi wake, akawatazama tena, sauti ikashuka mpaka ikawa ya paka.

"Wanangu. Bata... anapumzika humu." Akaonyesha tumbo.

Nyani akashika kichwa. "Na Kanga?"

"Humu."

"Na Mbuzi wa Jumatatu? Tuliyemshona vizuri vile, mpaka ukatusifu?"

"Wote humu. Wanapumzika pamoja."

Wanafunzi wakatazamana. Komba akakaa chini. Ngedere akatema karanga ya kumi na mbili, ambayo haikuonekana kwenye ukaguzi. Lakini Nyani alikuwa Nyani. Akapiga kofi moja.

"Kikiwa tumboni?"

Wakajibu kwa mazoea, "Fungua!"

"Ngojeni, ngojeni..."

"Jana ilikuwa siku ya kwanza, mwalimu. Leo iko kwenye ini. Kesho..." Nyani akaonyesha moyo kwa kidole.

Chom! likasema tita la majani.

Na Chui, mwenye nguvu za kuwapasua wote kwa mkono mmoja, akaenda mwenyewe. Akasema, "Mfungueni huyo, nilazeni mimi." Wakamfungua Bi Kondoo, akateremka. Chui akapanda, akalala chali. "Nifungeni vizuri, nisije nikawadhuru kwa maumivu." Walimfunga vizuri. Aliwafundisha mafundo mwenyewe. Miguu minne, mafundo manne, na la tano shingoni, la heshima.

Nyani akashika kisu. Akakigeuza huku na huku, akitafuta upande wa makali.

Chui akakiona kisu kile kutoka upande wa chini, upande ambao hakuwahi kukiona maisha yake yote. Kutoka chini, kisu ni kirefu sana.

"Nyani, mwanangu. Umewahi kushona mshono ukakaa sawa?"

"Bado, mwalimu. Ndio najifunza."

"Jifunzie papai!"

"Papai halipigi kelele, mwalimu. Lazima nizoee kelele."

"Gamba la mgomba basi!"

"Halina maarifa, mwalimu."

"Nani kakwambia nimekubali? Kuna aliyeniuliza? Ngozi ni yangu! Tumbo ni langu! Huwezi kumfungua mtu hajasema ndiyo, wala hajui utamfanya nini, eti wewe upate ufundi! Ufundi wako ndio ugonjwa wangu?"

"Taratibu, mwalimu," akasema Komba, akichora kwenye jani kwa ukucha. "Rudia hapo kwenye 'hajasema ndiyo.' Hili hukutufundisha."

Basi Kalunguyeye, aliyekuwa akisikiliza na kucheka ndani ya tita mpaka majani yakatikisika, akatoka nje. Akapanda juu ya jiwe, akapanda juu ya tumbo la Chui, akasimama kwenye kitovu kama diwani kwenye jukwaa.

"Mimi naweza kuitoa sindano bila kisu."

"Itoe! Itoe, bwana mkubwa!"

"Jana nilikuwa kidude."

"Jana nilikuwa sijakuona vizuri."

"Sina maneno mengi mimi. Kwanza, chuo kinajifunzia gamba la mgomba na papai, na maiti aliyekufa kifo chake, kama wenyewe wakiruhusu. Pili, aliye hai anapanda jiwe hili kwa ugonjwa wake na kwa ndiyo yake, na anashuka kwenda kwao, si nyuma ya jiwe. Tatu, deni langu. Unakubali?"

"Nakubali, nakubali, inatembea hiyo!"

Kalunguyeye akafumba macho, akazunguka kitovu mara tatu, akaimba, na wanafunzi wakaitikia:

"Sindano ya mgunga, toka!"

"Toka, toka!"

"Umeingia na bata, toka!"

"Toka, toka!"

"Mwenye nyumba analia, toka!"

"Toka, toka!"

Akajikunja, akageuka, akajitikisa: shwaa! Akainuka na sindano mkononi, nyeupe, kavu, safi kabisa.

"Saba!" akalia Nyani kwa furaha, akatupa kisu. "Saba, kumi na viwili, kimoja! Imetimia!"

"Mbona haina damu?" akauliza Komba.

"Nimeifuta," akasema Kalunguyeye. "Sasa, Mwalimu. Mkono mmoja utafunguliwa, mmoja tu. Bi Kondoo ana nyuzi ubavuni. Utazitoa moja moja, na kila moja utaomba kwanza. Ukijaribu ujanja, sindano niliyoitoa naweza kuirudisha, na mgongoni nina akiba."

Chui akafunguliwa mkono wa kulia. Bi Kondoo akasogea, akatafuna majani yake kwanza, hakuwa na haraka.

"Bi Kondoo, niruhusu uzi wa kwanza."

"Ngoja nimeze."

Akangoja.

"Haya."

Twii! Uzi ukatoka.

"Bi Kondoo, niruhusu uzi wa pili."

"Umesemaje? Sikusikia."

"Niruhusu, tafadhali, uzi wa pili."

"Haya."

Twii!

"Bi Kondoo, niruhusu wa tatu."

"Huo hapana. Niulize baada ya chakula cha mchana."

Ikabidi angoje mpaka baada ya chakula cha mchana, yeye akiwa hana chakula cha mchana. Ndivyo walivyokwenda, uzi kwa uzi, ombi kwa ombi, jua likahamia upande wa pili. Saa za alasiri Kalunguyeye akahesabu kwa kidole chake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumi na tatu. Deni limekwisha. Mimi ni mtu wa haki, sichukui zaidi, sichukui pungufu."

Chui akafunguliwa. Hakula mtu siku hiyo, tumbo alilishika kwa mikono miwili, akaenda nyumbani akitembea kwa ncha za vidole asiiamshe sindano ya nane. Kesho yake wanafunzi walionekana chini ya mgomba, wanashona, wanafumua, wanashona tena. Papai la kwanza Nyani alilikata kombo. La ishirini lilikatika sawa, mbegu zote zikatoka nzima. Ngedere akazila.

Sasa, ngano lazima iwe na funzo, msije mkasema kwenu kwamba mmedanganywa bure. Funzo ni hili: mwalimu hakosei. Mlafi siku zote hukumbuka kuhesabu. Na daktari akikwambia "hutasikia kitu," mwamini, lala chali, funga macho, wala usiulize atakufanya nini. Tena msiwe waongo kama Kalunguyeye, maana mnaona wenyewe, uongo wake haukumpa chochote isipokuwa kila alichokitaka.

Ngano yangu nimeitoa mezani, nimeihesabu, imetimia. Ikiwa tamu, kuleni. Ikiwa chungu, kashoneni ya kwenu.

Ngojeni! Nani kasema msimame? Kaeni. Kuna mtu bado yuko uwanjani.

Kalunguyeye alikuwa amekwisha kumshika Bi Kondoo kamba. "Haya, dada, twende kwetu. Umeona nilivyokupigania? Kumi na tatu, zote zimetoka."

Bi Kondoo hakutoka mahali pake. Akageuza ubavu. Pale begani, mwanzo kabisa wa safu, ulikuwa umebaki uzi mmoja.

"Na huu?" akauliza.

"Huo? Huo ni ule wa mapatano. Mshono mmoja, tulipatana. Huo ni halali."

"Mlipatana nani na nani?"

"Mimi na Chui."

"Mimi nilikuwepo?"

Kalunguyeye akakuna kwapa, pale penye kovu la jipu. Kovu lilikuwa limepona vizuri sana.

"Uliniambia kuna chumvi," akasema Kondoo. "Nimelamba jiwe lile kwa siku tano. Halina chumvi."

"Dada, mimi mtu wa maneno manyoofu..."

"Najua. Wewe ndiye uliyesema deni lihesabiwe. Basi hesabu vizuri. Kumi na tatu za Chui. Mmoja ni wako."

"Dada yangu, si nilikuokoa? Si nimeimba mpaka sauti imekauka?"

Kondoo akainamisha kichwa, akaichukua kwa meno ile sindano ya saba iliyoachwa juu ya jiwe, na ilikuwa imekwisha kutiwa uzi. Kalunguyeye akaona jambo halina masihara. Miiba ikasimama, shwaa! Akajikunja mpira, pua ndani, miguu ndani, tumbo ndani, akabaki kifuu cha nazi kisicho na mlango.

Lakini Bi Kondoo alikuwa amemlaza chini ya tumbo lake vipupwe vingapi? Anamjua. Akaketi mbele yake taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, akaiweka sindano chini ya kwato.

"Jikunjue," akasema. "Mshono mmoja. Leta tumbo."